Safu ya Kwanza Mfukoni Mwangu

Nikidanganya hata neno moja, migomba yangu yote ya Kawetele izae mawe. Nilimweka dau jogoo wangu wa pekee, pale mgahawani Makandana, kwamba hakuna atakayeonyesha uongo katika kisa changu.

Nikawaeleza wenzangu kwamba jedwali la elementi nimejisomea mwenyewe tangu nistaafu. Metali za safu ya kwanza, kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyozidi ukali zikikutana na maji. Ni kama ofisini: bosi juu ananung'unika tu, mlinzi wa getini ndiye anayelipuka.

"Nilizijaribu mtoni Nkunga," nikasema. "Lithiamu ilichemka taratibu. Sodiamu ikakimbia juu ya maji kama mwizi. Potasiamu ikawaka moto wa zambarau, ikala nusu ya sharubu zangu!"

Mzee Ambokile alishaamini. Ndipo Lightness, mwalimu wa kemia aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, akaweka kikombe chini.

"Mpangilio uko sahihi kabisa, babu. Ulizibebaje kutoka hapa?"

"Mfukoni mwa shati, kwa miguu."

"Mvua haikunyesha?"

"Mwalimu, kweli wewe mgeni! Huku Rungwe mvua inakosa lini? Nililowa mpaka mifupa."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko.

"Sasa hicho kifua, babu," akauliza, "mbona bado kipo?"

Jogoo nilimkamata mwenyewe. Alipiga kelele njia nzima hadi kwa mwalimu.