Nyayo za Ngendo

Jumatatu asubuhi, mvua ilipopungua, Ngendo alifunga duka lake la ushonaji pale Kimbo akaenda Thika kuomba talaka. Karani wa mahakama hakuuliza kama mume ni mlevi au ni mkali. Aliuliza Ngendo mwenyewe anaishi wapi.

"Mugutha. Mwaka wa tatu sasa."

Karani akachungulia sakafu, iliyochafuliwa na matope ya kila aliyepanga foleni. Nyayo za Ngendo hazikuwepo. "Leta barua ya chifu kwamba unaishi huko," akamwambia.

Jambo hilo mtaa mzima ulilijua. Tangu amwache Muriithi, mumewe, kule Ujerumani na kurudi nyumbani na binti yao Becky, Ngendo hakuacha alama ardhini. Nyayo zake zilibaki mlangoni kwa Muriithi, kwenye matope na kwenye theluji, zikiongezeka kila siku. Muriithi alizipiga picha akampelekea hakimu wa kule: mke bado yuko, kesi isikizwe huko, mtoto arudishwe.

Mtu kwao, watu husema, lakini korti hazisikizi methali. Ngendo aliogopa hadi sindano ikawa inamchoma vidole. Talaka ingeweza kungoja. Alichoogopa ni kumkosa Becky.

Chifu naye haandiki bila neno la mzee wa nyumba kumi. Huyo alikuwa Githae, jirani, ambaye suruali zake zote zimepitia cherehani ya Ngendo, na ambaye kwa bahati mbaya hajui kudanganya. Alitoka uani, akainama kutazama ardhi alipopita Ngendo, akaandika: *Namjua. Ni mama mzuri. Hapa hakanyagi.*

"Guka, si ungeacha tu hiyo ya mwisho?"

"Mama Becky, mimi naandika chenye naona."

Thika wakaikataa kesi. Ujerumani wakaipokea. Wito wa Ngendo uliachwa mlangoni kwa Muriithi, penye nyayo, na kwa kuwa mwenye nyayo hakutokea, baba akapewa mtoto.

Asubuhi barua ya hukumu hiyo ilipofika, Ngendo hakulia. Alimvua Becky viatu vya shule, akamshika mkono hadi uani kwa Githae.

"Kanyaga," akamwambia. Becky akakanyaga. "Tena. Kwa nguvu."

Mzee akatoka na kalamu yake, akainama juu ya matope. Vidole vyote vilionekana, hata kile kidogo.

"Leo ziko," akasema, akaandika tarehe, na chini yake: *Becky. Hapa anakanyaga.*