Mashine Isiyoguswa

Mashine ya Bi Mwatima ilifika bandari ya Chokocho mwaka wa hamsini na tisa, ndani ya sanduku la mbao, na juu yake imelazwa karatasi. Mashine ilikuwa ya kuisukuma mashua. Karatasi, kama ilivyokuja kudhihirika, ilikuwa ya kuizuia mashine.

Aliyeisoma ni Khatib, mdogo wake Bi Mwatima, maana alifika darasa la sita na hakuna mtu katika kijiji chao kizima cha Kengeja aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Alikaa barazani, akakohoa, akafasiri. Kampuni ya Unguja inaidhamini mashine miezi kumi na miwili. Ikiharibika itatengenezwa bure. Ila asiiguse mtu kwa spana wala bisibisi isipokuwa fundi wa kampuni mwenye cheti. Akiigusa mwingine, dhamana imekufa. Bi Mwatima, mjane aliyetia katika mashine hiyo kila alichoachiwa na marehemu, akabandika dole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Tangu siku hiyo Khatib akawa mlinzi wa karatasi, na hajapata kutokea mlinzi aliyeipenda kazi yake namna ile.

Kwanza alilikata tanga la mashua akalishona likawa kifuniko cha kuikinga mashine na chumvi, kwani mwenye mashine ana haja gani tena na tanga? Abiria aliyeegemea karibu aliambiwa asogee. Hata kuipangusa alipangusa mwenyewe, kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga. Bi Mwatima alimtazama, akacheka moyoni, akamwacha.

Mwezi wa saba wa dhamana mashine ikazima katikati ya maji, baina ya Chokocho na Kisiwa Panza. Abiria wakarudi wakivutwa na ngalawa ya mvuvi mmoja, aliyewacheka njia nzima.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini wachumaji karafuu wavuke. Mzee Sleiman bin Thuwein, mwenye mikarafuu ya nyuma ya Kengeja, alikuwa amempa Bi Mwatima ahadi kwamba mashua yake ndiyo itakayowaleta wachumaji kutoka Kisiwa Panza, na ndiyo itakayokwenda na kurudi na watu na vyakula mpaka msimu uishe. Aliposikia mashine imezima akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Jumamosi ile watu wavuke, Bi Mwatima," alisema. "Ikiadhiniwa adhuhuri mashine yako haijaonekana Kisiwa Panza, watapanda kwa Mmanga. Karafuu haziningoji mimi, seuze wewe."

Mmanga alikuwa na mashua kuukuu yenye tanga la viraka. Kazi hiyo ikimpita, Bi Mwatima hakuwa na nyingine ya maana mpaka mikarafuu izae tena, na hilo alilijua bila kuambiwa.

Fundi alikuwepo hapo hapo pwani. Jecha bin Ame alikula miaka tisa katika chumba cha mashine cha meli, na alirudi Kengeja na masikio mazito kwa maneno ya watu lakini mepesi kwa mashine. Alisimama akamsikiliza Khatib akivuta kamba, mashine ikikohoa na kunyamaza.

"Bi Mwatima, mashine hino yafa njaa," alisema. "Petroli haiifiki. Niachieni nifunue, niutazame mpira wake tu."

"Una cheti, Ami Jecha?" Khatib akauliza.

"Cheti cha nini?"

"Cha kampuni."

"Yakhe, mie nna nkono."

"Ndio huo huo tusioutaka."

Bi Mwatima alitaka kusema, mwache afungue. Neno lilimfika ulimini. Lakini akalikumbuka dole lake gumba, akakumbuka na vyote alivyotia ndani ya sanduku lile, akalimeza.

"Tungoje, Jecha," alisema. "Usinichukie."

Jecha hakuchukia. Aliaga kwa adabu, akaenda kuikalafati na kuiziba nyufa mashua ya Mmanga, ambayo ilikuwa haina karatasi yoyote.

Khatib akaandika barua Unguja. Jibu likaja na meli, kampuni imesikitika sana, tafadhali leteni nambari ya mashine. Nambari ikapelekwa. Jibu la pili likashukuru kwa nambari, likauliza sababu ya kuharibika. Khatib akajibu kwamba sababu haijulikani, maana kutazama kumekatazwa. Jibu hilo liliipendeza kampuni mno. Waliandika kwamba laiti wateja wao wote wangekuwa kama hawa wa Pemba, na kwamba fundi atafika Jumamosi, asubuhi, siku ile ile ya kuvuka. Khatib aliisoma barua hiyo mara tatu barazani, mara ya tatu akiwa amesimama.

Jumamosi saa tatu Bwana Othman, fundi wa kampuni, aliteremka kwenye gari la abiria kutoka Mkoani, soksi nyeupe mpaka magotini na sanduku lenye kufuli mbili. Akataka kiti. Akaletewa. Akataka meza. Ikaletwa mpaka mchangani. Akatoa fomu, akamwuliza Bi Mwatima jina lake, la baba yake, la mashua, na kama mashine imewahi kuguswa.

"Haijaguswa!" Khatib akajibu, kifua mbele.

Saa tano ikapita bado wanaandika. Ng'ambo, Mmanga alikuwa ametia nanga Kisiwa Panza tangu asubuhi, akimngoja muadhini. Bi Mwatima alilitazama jua, akamtazama fundi akinoa penseli.

Mwishowe Bwana Othman akafungua kufuli zake, akatoa bisibisi, akafunua mashine. Akainama. Akakaa ameinama kitambo.

Ndani, juu ya mpira wa petroli, imefungwa hirizi ya kitambaa cheusi. Uzi wake ulikuwa umezungushwa na kukazwa fundo juu ya fundo, hata mpira ukabanwa ukawa bapa.

Watu wote wakageuka kumtazama Khatib.

"Mmanga aliisifu," Khatib akasema, sauti imemwishia. "Aliisifu mbele ya watu, wala asiseme mashaallah. Nikaogopa husuda. Nikaenda kwa shehe."

"Kwa hivyo uliifungua wewe," Bi Mwatima akasema.

"Sikuitengeneza, dada. Niliikinga tu."

"Na mafundo yote haya?"

"Inatetemeka sana. Kila wiki nikiongeza moja, isianguke."

Bwana Othman alikuwa ameshaishika kalamu. Kimeonekana kitu kigeni ndani ya mashine, aliandika, na dhamana imekufa tangu siku kilipotiwa. Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Haya, baba, imekufa, tumekubali," Bi Mwatima akasema. "Ukate huo uzi twende zetu."

"Siwezi, bibi. Kuukata uzi ni matengenezo. Mimi hutengeneza mashine zenye dhamana, na hii haina."

"Mwenye ruhusa ni nani basi?"

"Sasa? Yeyote."

Khatib akamshika mkono. "Dada, tusiguse kwanza. Niandike barua tuwaombe radhi, pengine watasamehe."

Muadhini wa adhuhuri akaanza.

Bi Mwatima aliuchopoa mkono wake, akachukua kisu cha kuparia samaki kwa mwanamke aliyesimama karibu, akaukata uzi. Mpira ukarudi mviringo. Akavuta kamba mara moja, akavuta ya pili, mashine ikanguruma hata meza ya Bwana Othman ikatetemeka. Hakufurahi. Hasira zilimpanda. Siku ishirini, kwa uzi ambao angeukata kwa meno! Alimkasirikia Khatib, akaikasirikia kampuni, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, yeye aliyemcheka mdogo wake kila siku na kila siku akamtii.

Akaondoa mashua. Katikati ya maji akakutana na Mmanga anakuja, mashua imejaa watu, mikeka na vyungu, na Jecha ndiye aliyeshika usukani. Jecha akainua mkono kwa heshima. Bi Mwatima hakugeuza mashua. Pengine wamebaki wachache, alijiambia, na mashine ikamfikisha mbio.

Pwani ya Kisiwa Panza alikuwa amekaa bibi mmoja mkongwe, Bi Mwanabaraka, amempakata mjukuu.

"Shikamoo, bibi. Watu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wamekwenda karafuu. Walikungoja wewe tangu alfajiri, mizigo wameshaifunga. Mmanga akiwaita, wakimwambia sisi tumeshaahidiana na Bi Mwatima. Mpaka ilipoadhiniwa." Bibi akanyoosha shingo kuitazama mashua. "Sasa wewe umekuja kumchukua nani?"

"Sina wa kumchukua, bibi," Bi Mwatima akasema, akakaa kwenye mbao tupu za abiria, akalia.