Nyumba Iliyomwegemea Mama Zege

Siku tatu kabla ya mkaguzi wa majengo kufika, Mama Zege alikuwa juu ya ngazi akiziba ufa juu ya mlango wa jikoni. Ulikuwa ufa mdogo, wa urefu wa kidole, ambao mnunuzi asingeuona hata kwa miwani. Lakini yeye alikuwa anaujua, na alikuwa anajua ulikotoka: ulitokea mwaka uliopita, alipokaa majuma matatu kwa mdogo wake aliyekuwa amejifungua, na nyumba ikajinyoosha mno kumfuata.

Maana nyumba ile ilikuwa na tabia ya kumwegemea. Ilianza mwaka wa pili baada ya kuhamia. Akiwa jikoni, kuta zote ziliinama kidogo kuelekea jikoni; akilala, ziliinama kuelekea chumbani. Si sana, upana wa kidole gumba tu, lakini ilitosha limau likidondoka mezani libingirike mpaka miguuni pake. Katika nyumba hiyo hakuwahi kuinama kutafuta kitu kilichoanguka. Wageni walifundishwa kutojaza chai mpaka juu, wakazoea. Marehemu mumewe, ambaye mtaa ulimwita Bwana Mipango, alikuwa akiweka daftari chini ya mguu wa kiti chake na kuendelea kusoma gazeti.

Bwana Mipango aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na mipango. Alipanga kujenga, akachukua kibali cha ujenzi kwa jina lake, akasimama kwenye kiwanja siku ya kwanza mikono kiunoni, kisha vumbi likamkera akarudi ofisini. Msingi ulichimbwa na mkewe. Mkewe ndiye aliyefyatua matofali, akayapanga, akapiga lipu na niru, akapaua. Ujuzi aliupata kwa kubeba maji ya mafundi tangu akiwa msichana, akiangalia mikono yao badala ya nyuso zao. Jina la Mama Zege alipewa na watoto wa mtaani, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sasa Bwana Mipango alikuwa amefariki, hakuacha mtoto, na kikao cha ukoo kilikuwa kimeamua nyumba iuzwe, kikamteua kaka yake kuwa msimamizi wa mirathi. Shemeji huyo alikuwa mtu wa adabu, shati ndani ya suruali, na alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Aliingia alasiri hiyo akasimama chini ya ngazi.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimekwishapoa. Pita pembeni, lipu inadondoka."

Akapita pembeni. "Nilikuwa naomba, siku ya ukaguzi utupishe kidogo. Mkaguzi akikukuta ndani, vipimo vyote vitasoma kombo. Wewe mwenyewe unaijua nyumba hii."

"Naijua." Alilainisha kiraka kwa mwiko, akakichungulia kwa ubavu. "Kwenye fomu ya ukaguzi kuna mstari wa aliyejenga. Mtamwandika nani?"

"Marehemu. Kibali kina jina lake."

"Marehemu alikuwa anachukia vumbi."

"Shemeji, marehemu hasemwi vibaya."

"Sijamsema vibaya. Kuchukia vumbi si dhambi."

Mstari ule ndio uliokuwa umemkalia Mama Zege kooni. Fungu lake la ujane hakuligombania. Mali hutafutwa ikapatikana tena. Lakini jina likiandikwa kwenye mstari wa aliyejenga, huingia katika daftari la mafundi wa mji, na mwenye jina hilo huruhusiwa kujenga nyumba za watu. Bila hilo, ajenge miaka arobaini, ataitwa msaidizi. Alitaka kuitwa fundi kabla mgongo haujakataa. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya.

Kwa hiyo aliiandaa nyumba kama vile ndiyo inayokwenda kufanya mtihani. Alitia mafuta bawaba zote kumi na sita. Alibadilisha mpira wa bomba lililokuwa likidondosha, akasugua tangi ndani kwa brashi, akapiga chokaa ukuta wa nyuma ambao hauonekani na mtu ila kuku wa jirani. Jirani huyo, fundi cherehani, alimwuliza kwenye ua kwa nini anajichosha kwa nyumba inayouzwa na wengine.

"Ikianguka mtihani, aibu ni yangu," alisema Mama Zege.

"Na ikifaulu?"

"Sifa ni za marehemu. Nishikie ndoo."

Siku ya ukaguzi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda kukaa barazani kwa fundi cherehani, nyumba ya kushoto, kama alivyoombwa. Mkaguzi alifika saa tatu kamili. Alikuwa mwembamba, asiye na haraka, na timazi yake ya kupimia wima wa kuta ilikuwa ya shaba, imeng'aa kwa kushikwa. Aliitundika sebuleni, akangoja itulie, akaandika.

"Nyumba imeegemea kushoto," alisema. "Vidole vinne."

Shemeji alitoka mbio za adabu, akamwomba Mama Zege ahamie nyuma ya ua. Akahama. Mkaguzi alipotundika timazi tena, nyumba ilikuwa imeegemea nyuma, vidole vitano, na maji yaliyokuwa kwenye beseni jikoni yamemwagika. Shemeji akatoka tena. Safari hii alimwomba aende mbali kabisa, huko stendi ya mabasi. Mama Zege alikwenda, akakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Huku nyumbani paa lililia, picha zote ukutani zikajitenga na ukuta kwa chini, na kigae kimoja kikapasuka.

Mkaguzi alikaa kwenye kiti, akakishika kisimhamishe.

"Aliyejenga nyumba hii ni nani?"

"Ni marehemu kaka yangu."

"Amezikwa wapi?"

"Makaburi ya magharibi, ng'ambo ya mto."

Mkaguzi alitazama timazi yake, akatazama dirishani. "Ingekuwa yeye, ingeegemea magharibi. Hii imeegemea stendi. Nenda kamwite aliyeko stendi."

Shemeji akaenda. Mama Zege alirudi polepole, kwa mwendo wa mtu anayejua anangojwa, na kila hatua aliyopiga nyumba ilijirudi kidogo. Mkaguzi alimwonyesha mahali pa kusimama, katikati ya sebule.

"Simama hapo, mama. Nyumba ya namna hii hupimwa fundi akiwa kati. Mwaka juzi nilipima nyingine kama hii, ila ile fundi wake alikuwa baharia. Ilitutesa."

Alisimama. Nyumba ilitulia wima. Mkaguzi alipima kuta zote kumi na nne, pembe zote, sakafu, vizingiti, kimo cha madirisha. Ilimchukua saa mbili, na kwa saa hizo mbili Mama Zege hakuhama mguu. Alisikia mkaguzi akigonga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, huko chumbani, na alijua kwa sauti kwamba imejibu vizuri.

"Lenta hii uliimwaga kwa siku ngapi?" mkaguzi aliuliza kutoka huko.

"Moja. Zege halilali."

"Nani alikusaidia?"

"Ngazi."

Mkaguzi alirudi sebuleni, akafunga kamba yake ya kupimia taratibu. "Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii," alisema. "Ukuta ulionyooka hivi nilikuwa nimeuona kwenye michoro tu."

Mama Zege alijisikia mrefu. Aliitikia kwa kichwa, kama fundi anavyomwitikia fundi mwenzake. Hayo maneno angetaka yasikike mtaa mzima, lakini aliyekuwepo ni shemeji peke yake, naye alikuwa anaokota vipande vya kigae.

Kisha mkaguzi akatoa fomu. Aliijaza kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye mstari wa aliyejenga. Hapo kalamu ikasimama.

"Una cheti cha ufundi, mama?"

"Sina."

"Jina lako liko kwenye kibali?"

"Haliko."

Mkaguzi aligonga fomu kwa ncha ya kalamu. "Najua ni wewe. Timazi imenionyesha, na sijawahi kuona timazi ikidanganya. Lakini fomu haina mahali pa kuandika ilichosema timazi."

Akaandika jina la marehemu. Kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza chini, kwenye nafasi ya maoni: *Nyumba ni ya daraja la kwanza, iko wima kabisa, mradi huyu mama asimame sebuleni.* Fomu ilidai kila aliyetajwa aandikiwe kazi yake. Mkaguzi akamtazama shemeji, shemeji akasema, "Mama wa nyumbani," naye akaandika.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu na mkewe, watu wapole wenye vitabu vingi. Siku ya kuwekeana saini, shemeji aliwasomea orodha ya vitu vinavyobaki na nyumba: matangi mawili, taa saba, mapazia ya sebuleni, jiko, na mjane wa marehemu.

"Tutamtafutia kiti kizuri," alisema mke wa mwalimu. "Sebule ina hewa."

Wote walimgeukia Mama Zege. Alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake: mwiko, pimamaji, kamba, ndoo mbili zilizoingiliana.

"Asanteni kwa kiti," alisema. "Lakini fundi akimaliza kazi huondoka na vifaa vyake."

Akaenda kwa mdogo wake, mitaa mitatu mbele, huku kichwa juu. Nyuma yake nyumba iliinama kuelekea huko, vidole sita, ikabaki hivyo. Mwalimu hakulalamika. Alikata milango kwa chini ifunge, akaweka kabari kwenye miguu ya meza, akapanga vitabu vizito upande wa juu. Baada ya mwezi mkewe alikuwa hajazi tena chai mpaka juu.

Katika daftari la mafundi, jina la Bwana Mipango liliingia ukurasa wa mbele, daraja la kwanza. Watu walikuja kumtafuta awajengee, wakaambiwa ametangulia mbele ya haki, wakasikitika kwelikweli. Walisimama barabarani wakiangalia zile kuta na kusema mafundi wa namna ile hawazaliwi tena. Na kwa kuwa mtaa hauwezi kukaa na jambo bila kulitafutia sababu, ilipatikana sababu ya nyumba kuinama: ni mapenzi ya marehemu. Alimpenda mkewe hivi kwamba hata alichokijenga kwa mikono yake bado kinamfuata mjane huko aliko. Wasichana waliokaribia kuolewa waliletwa kuiona.

Mama Zege alikuwa anamjengea mdogo wake chumba cha ziada. Kibali kilikuwa na jina la mume wa mdogo wake, muuza viatu. Ukuta ulikuwa umefika kifuani siku fundi cherehani alipokuja kumtembelea. Aliketi juu ya rundo la matofali, akajipepea kwa kanga. Huyu alikuwa amemwona miaka yote kule, akichimba, akifyatua, akimwaga zege kwenye mvua, na miaka yote alidhani anamsaidia mumewe.

"Kila nikitoka asubuhi naiangalia ile nyumba inavyokuelekea," alisema, na macho yalimlenga machozi. "Dada, wewe ulipata mume. Ulipendwa."

Moyo ulimwuma Mama Zege, na uliendelea kumwuma. Alitandaza udongo wa saruji, akaweka tofali, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko, akalichungulia kwenye kamba. Lilikuwa limekaa sawasawa, kama yote yaliyokuwa chini yake.

"Nipe hilo ulilokalia," alisema.