Gari Langu, Vipimo Vyake

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima wanamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akiwa mezani anakula. Ni mrefu kama nguzo ya umeme. Mimi naishia kwapani kwake. Siku ya harusi mpigapicha alituambia tuchague: ama akate kichwa cha bwana, ama bibi abaki nje ya picha. Nilicheka kuliko wote. Mtu mfupi asipojifunza kucheka mapema, atalia kila akitaka sahani ya kabati la juu.

Dukani kwake kuna bango aliloandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MKASI HAUJUI SAMAHANI. Maana yake hakati kitambaa cha mtu ambaye hajampima kwa mkono wake. Ukimpelekea vipimo kwenye karatasi, anakurudisha nayo. Kuna bwana harusi alimtuma kaka yake akapimwe badala yake, eti wanalingana. Futi alimtoa mbio. "Mwili wa mtu haukaimishwi!" alimfokea, na pini mdomoni.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akamtetea. Hakukosea kwa kutojua.

Mimi ni daktari wa mifugo. Miaka kumi na minne nilizunguka mashambani kwa pikipiki, sanduku la chanjo nyuma, begi la vifaa mgongoni, matope mpaka kwenye kope. Nilianguka nayo mara nyingi hata nikajua ni mtaro upi una matope laini. Kwa hiyo niliposema nataka gari, sikutaka fahari. Nilitaka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi ya friji ya chanjo, na paa. Basi.

Tuliweka akiba pamoja, yeye akaenda kulinunua, akaliandikisha kwa jina langu. Sifa hiyo simnyimi. Lilikuwa jipya, jeupe, viti bado vina nailoni. Niliendesha siku tisa. Kiti kilisogea mbele mpaka miguu ikafika bila kubembelezwa, na friji ilikaa nyuma kama imezaliwa mle. Nilikuwa naimba njiani. Ng'ombe waliniona nimefika mkavu wakanishangaa.

Siku ya kumi mume wangu akaniambia, "Mama watoto, niachie gari kidogo likaboreshwe. Nataka liwe zawadi kamili."

"Lina upungufu gani?"

"Wewe subiri tu. Usiniharibie raha."

Ningekuwa na masikio, ningesikia pale pale kwamba raha ni ya nani.

Gari likalala gereji wiki tatu. Katika wiki hizo nilikwenda semina ya chanjo, na niliporudi nikakuta ukuta mtupu mahali pa pikipiki yangu.

"Nimeuza," akasema. "Si una gari?"

Jumapili moja asubuhi nikaitwa uani. Majirani walikuwa wamejaa, wifi yangu mbele yao amevaa kama anakwenda kupokea yeye. Mbele yangu ukasimama mlima. Sijui niuite nini. Gari langu lilikuwa limeinuliwa kwa springi mpya na shokapu ndefu, likavikwa matairi yanayonifika kifuani. Mbele lina ngao ya chuma na winchi, ubavuni bomba la kupumulia linapanda mpaka juu ya paa, juu ya paa keria, juu ya keria taa nane. Na juu ya yote, utepe mwekundu wa satini ambao ungetosha kuvalisha kwaya.

"Wifi, una bahati wewe!" akapiga vigelegele dada yake. "Kaka yangu anajua kupenda!"

"Panda, panda tukuone!" majirani wakashangilia.

Nikaenda kupanda. Nikainua mguu, ukafika nusu ya njia, nikaurudisha. Nikajaribu wa pili, labda una akili zaidi. Watu wakaanza kucheka, nami nikacheka nao kwa mazoea. Mume wangu akanibeba kwapani kama mtungi wa gesi, akaniweka kitini.

Kiti nacho kilikuwa kipya, cha ngozi, kimefungwa kwa bolti nne kwenye sakafu. Hakisogei mbele wala nyuma. Nikanyoosha mguu kutafuta klachi. Kidole gumba kikaigusa, kikaisalimu, basi. Nikageuka kutazama nyuma ya gari. Mahali pa friji ya chanjo palikuwa na spika mbili kubwa kama majeneza ya watoto wachanga.

"Baba watoto," nikasema polepole, "friji itakaa wapi?"

"Tutatafuta pa kuibana. Sikiliza kwanza mdundo!"

Nilipomwambia sifiki klachi, hakulala. Alishona. Asubuhi akanikabidhi mto mnene wa kuegemeza mgongo, umetariziwa neno DAKTARI kwa uzi wa dhahabu, na kigoda cha kupandia. Nimeomba gari, nimepewa mto! Niliuegemea, nikawasha, nikaachia klachi kwa kidole gumba, gari likaruka kama chura na kuzima getini. Mara tatu. Baada ya hapo akawa ananiendesha yeye "mpaka uzoee." Jumamosi yeye hayupo, wala gari halipo. Walikuwa mlimani, yeye na rafiki zake, wanapigana picha.

Na kila niliyemlalamikia alinitazama kana kwamba nimetema chakula. "Shoga, wenzako wamenunuliwa hata baiskeli?" Ukipigwa na mume unaweza kushtaki. Ukipewa zawadi isiyokuenea, unashtaki wapi?

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Mama Mapacha, mjane anayefuga ng'ombe mmoja ng'ambo ya bonde. Huyo mmoja ndiye karo, ndiye mboga, ndiye kila kitu.

"Daktari, anazaa, na ndama hatoki. Naona miguu tu. Kichwa sikioni."

"Nakuja. Usimvute. Usimruhusu mtu amvute."

Kwa pikipiki, kupitia njia ya bondeni, ni dakika ishirini. Nikakimbia dukani kwa mume wangu. Akaacha suruali ya watu kwenye cherehani, akaja mbio, simdhulumu. Tukaondoka. Kwenye njia panda, badala ya kushika ya bondeni, akakata kulia kwenye lami.

"Unakwenda wapi?"

"Tunazunguka. Bondeni kuna miiba, itachuna rangi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Hili si ndilo gari la porini?"

"Ndilo. Lakini rangi hii ni mpya, mke wangu. Hata wiki mbili haina."

"Simama, nishuke nitembee!"

"Utafika lini kwa miguu? Tulia, tunafika sasa hivi."

Sasa hivi yake ilikuwa saa nzima na robo. Tulipofika, geti la Mama Mapacha lina boriti juu, na taa zetu nane hazikupita. Nikaruka kutoka kule juu, nikaangukia goti, nikakimbia na ndoo na kamba mkononi.

Ndama alikuwa amekunja shingo nyuma. Nilivua shati, nikapaka sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono, nikakitafuta kichwa, nikakigeuza. Ulimi ulikuwa umevimba. Niliuminya nione kama yu hai, haukujivuta. Tulimvuta, mimi na Mama Mapacha, mpaka akatoka. Jike, mweusi, ana nyota nyeupe kwenye paji. Nikamning'iniza, nikamsugua kwa majani makavu, nikampulizia puani. Hakupumua. Mama yake akageuka, akaanza kumlamba.

Mama Mapacha hakunigombeza. Aliniletea maji ya kunawa, akatazama getini, lile dude likiwaka jua, na mume wangu anafuta vumbi kwenye ngao kwa kitambaa.

"Ungekuja na ile pikipiki yako, Daktari," akasema, "ungewahi."

 Njiani kurudi mume wangu akaniuliza mara mbili kama naumwa goti.

Kesho yake asubuhi nilikwenda gereji kwa miguu, ufunguo wa gari nimeuacha mezani, kadi ya gari mkobani. Fundi wa pale wanamwita Spana, mtu wa makamo, mikono myeusi kwa oili, adabu nyingi. Nikamwambia nitamletea gari, alirudishe kama lilivyokuwa.

"Haa, Daktari!" akashika kiuno. "Gari la mzee siligusi bila mzee mwenyewe. Mwenye gari akinikuta nalifumua, utanitetea?"

"Mwenye gari amesimama mbele yako. Inama umwone."

"Daktari, usinitanie."

Nikampa kadi. Akaisoma, akaigeuza, akasoma na upande usio na maandishi. Kisha, mbele ya macho yangu, akatoa simu akampigia mume wangu kuomba ruhusa. Kadi ya jina langu iko mkononi mwake! Nimekanyagwa na madume ya ng'ombe nikainuka nikajifuta, lakini pale nilihisi moto unapanda kutoka kwenye nyayo, na mimi si mrefu, haukukawia kufika kichwani.

Futi alifika na gari, futi shingoni, mkono mmoja wa koti la mteja bado umening'inia begani kwake.

"Mama watoto, tuyazungumze nyumbani."

"Nyumbani nilizungumza na mto. Nijibu hapa. Kiti hiki ulimpimia nani?"

Akamtazama Spana. Spana akatazama angani.

"Nilikaa mimi," akasema. "Spana alitaka kujua pa kutoboa matundu ya bolti. Wewe ulikuwa semina."

"Ukakaa wewe. Na urefu wa kupanda?"

"Nilipanda mimi."

"Yule bwana harusi aliyemleta kaka yake, ulimfanya nini?"

  Mume wangu akashika ncha za futi shingoni.

"Nipime," nikasema.

"Hapa? Gereji?"

"Hapa. Vua futi."

Akaivua. Ile kazi yake ikamshika, kama inavyomshika siku zote. Akapima bega hadi kiganja, akataja namba kwa sauti kama anayemsomea mwandishi, na Spana, bila kuambiwa, akaiandika kwenye boksi la plagi. Akapima nyonga hadi unyayo. Akapiga goti kwenye mafuta na suruali yake ya pasi, akapima tena. Kisha akafungua mlango wa gari, akapima kutoka kwenye kiti hadi klachi, na kutoka ardhini hadi kizingitini. Akabaki ameshika futi mlangoni, hageuki.

"Imezidi shubiri na nusu," akasema.

"Sema kwa sauti, Spana hajasikia."

"Shubiri na nusu. Suruali ya mteja nikiikosea hivi, namrudishia kitambaa chake."

"Mimi nirudishie ndama."

Alikaa kwenye tairi la zamani. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiwa mfupi kuliko mimi. Hakuniomba samahani. Mwenye bango lile angeianzia wapi?

"Shusha," akamwambia Spana.

"Nishushe nini, mzee?"

"Unaniuliza mimi? Muulize mwenye gari."

Spana akanigeukia, akajikohoza. "Eeh… Daktari?"

Nikamwambia. Springi zirudi za mwanzo, na shokapu. Matairi yarudi. Keria na taa zake, chini. Bomba, toa. Kiti cha reli kirudi, na ukijaribu kukifunga bolti nitakufunga wewe. Spika mpe mzee akashonee nazo. Winchi iache, kuna siku nitamvuta ng'ombe mtaroni.

"Na pikipiki?" nikamuuliza mume wangu.

"Aliyenunua kahama nayo," akasema kwa sauti ya chini.

Hiyo bado haijaisha kati yetu.

Siku ya nne gari lilitoka. Jumatatu yake Mama Mapacha akapiga simu: ng'ombe hali, kiwele kimoto kama chungu. Nikaweka friji nyuma, nikavuta kiti mbele. Mume wangu akaja mbio kutoka ndani na ule mto wa nyuzi za dhahabu mkononi.

"Hutauhitaji kabisa?"

"Kalalie wewe."

Kwenye njia panda nikashika ya bondeni. Miiba ililia ubavuni kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, krrrr, mstari mmoja mrefu. Gari likazama tope la kwanza, likavuta, likatoka. La pili likatoka. Kwenye geti la Mama Mapacha nilipunguza mwendo, nikatoa kichwa dirishani kuangalia boriti. Tulipita, na nafasi ikabaki ya mkono mzima.

Mama Mapacha alikuwa ameshamfunga ng'ombe kwenye mti. Akatazama upande wangu wa gari, kisha upande wa pili, akaona hakuna mtu.

"Dakika ishirini na mbili," akasema, akanipa ndoo. "Ingia, hataki hata kuguswa."