Mtani wa Kwenye Simu

Benjamini Shilinde hakuwa mtu wa kutapeliwa kirahisi, na hilo lazima lisemwe mapema, maana pale sokoni Chemchem wapo waliomcheka baadaye kana kwamba wao wamezaliwa wajanja. Muuza mitumba anayefungua robota mbele za watu hawezi kuwa mjinga. Alishazoea noti bandia, alishazoea wanaovaa suruali mbili na kulipia moja. Kilichompata kilipitia mlango mwingine.

Ndani ya robota la vitu vya kuchezea watoto alikuta boksi zima la pakiti ambazo hazijafunguliwa, za zile kadi zenye picha za wanyama wa ajabu ambazo watu wa ng'ambo hukusanya. Kadi zenyewe watoto wa mtaani walizigombania zikaisha. Ila kila pakiti ilikuwa na kikaratasi chenye namba ya siri, na Kasimiri, fundi simu aliyepakana naye sokoni, alipokiona alishika kichwa.

"Benja, usitupe hivi! Kuna mchezo wa kwenye simu, ukiingiza hii namba unapewa kadi humo humo ndani. Watu wananunua."

Akamfafanulia kuwa ni kama vocha ya simu: anayewahi kuingiza namba ndiye mwenye mali, na anayefuata hana chake.

Habari hiyo ilimkuta pabaya. Mama yake, Recheli, aliyekuwa akiishi Kwihara, alikuwa amebakiwa na jicho moja, na hilo moja lilikuwa linafifia. Madaktari wa macho walikuwa wameweka kambi mjini. Upasuaji bure, ila lenzi ya kupandikiza unanunua mwenyewe, na mwisho wa kulipia ulikuwa Alhamisi jioni. Daktari alisema bila kuzunguka: kambi nyingine ni mwakani, na jicho hilo halitafika huko. Benjamini alishauza baiskeli, alishabisha hodi kwa wazee wa kanisa, alishakopa mpaka watu wakawa wanabadili njia wakimwona. Vikaratasi vile ndivyo vilivyobaki.

Kasimiri alimpa masharti, naye akayashika yote. Usitume picha ya namba kabla ya pesa kuingia. Usiamini ujumbe wa malipo, fungua mwenyewe uangalie salio. Usibonyeze kiungo cha mtu usiyemjua. Akatangaza kwenye kundi la wachezaji, na matapeli wakamiminika. Mmoja alituma ujumbe wa malipo wa kughushi; Benjamini akaangalia salio, hola, akamtakia siku njema. Mwingine alitaka aone namba kwanza "athibitishe" kama ni nzima, akafukuzwa. Wa tatu alijifanya msimamizi wa kundi, eti akabidhiwe zote azitunze mpaka mnunuzi alipe. Benjamini alimpiga chini bila kumjibu. Lakini Jumatano ikaisha hajauza hata moja.

Alhamisi asubuhi akaingia mtu aliyejiita Sabiri.

"Wewe Mnyamwezi," aliandika, bila hata salamu, "bado mnabeba mizigo ya watu vichwani au siku hizi mmepata akili?"

Benjamini alicheka kwa sauti, peke yake, katikati ya soko. Wiki nzima hakuwa amecheka. Utani huo aliujua ni wa Wazaramo, na jina lake Shilinde ndilo lililomtambulisha kabila. "Mzaramo wewe!" akajibu. "Kazi yenu ngoma tu, shamba limeota nyasi!"

Tangu mababu wa Kinyamwezi waliposhuka pwani na misafara ya pembe, wakilala na wengine kuzikwa kwenye vijiji vya Wazaramo, watu hawa ni watani. Mtani anakutukana, unacheka. Anaingia jikoni kwako anaondoka na kuku, unacheka, kwa sababu atarudi na cha kwake, na siku ya msiba atafika kabla ya ndugu zako. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Baba yake Benjamini alipofariki, mtani wao mmoja alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka aletewe soda, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Hayo ndiyo aliyolelewa nayo. Kama Sabiri alikuwa Mzaramo kweli, Mungu ndiye anajua.

"Haya, mbeba pembe, nitumie moja nione."

Sharti la kwanza la Kasimiri lilimjia kichwani. Akaliweka kando. Lile lilikuwa la wanunuzi, na mtani hadaiwi malipo kwanza kama mgeni wa stendi. Akatuma moja.

"Nimekula! Nimekuibia, Mnyamwezi, nenda kashitaki!"

"Mwizi mkubwa wewe!" aliandika huku mbavu zikimuuma, na kabla hajamaliza kucheka pesa ya ile moja ikaingia. Akafungua salio mwenyewe. Ilikuwepo.

Basi tena. Sabiri akaagiza zote zilizobaki. Benjamini alizipanga juu ya meza, akazipiga picha moja moja, na akamweleza habari za mama, kwamba jioni ndiyo mwisho.

"Mama yetu huyo," Sabiri akajibu. "Tuma haraka."

Akatuma.

"Nimekula zote! Umekwisha, Mnyamwezi!"

Benjamini akacheka. Akaangalia salio, bado. Akamwita mwizi, akamwita mvivu, akanunua chai, akaangalia tena. Bado. "Haya mtani, utani umenoga, sasa toa." Simu ilionyesha ujumbe umesomwa. "Mtani, muda unakwenda." Umesomwa. Jua likapita utosini. Kasimiri alimwona amekenua meno kwenye simu akauliza kulikoni, na Benjamini akaificha, maana kumshitaki mtani kwa mtu baki ni aibu. Tumbo lake lilishajua zamani. Ni mdomo tu uliokuwa bado unacheka.

"Mtani, nakuomba kwa jina la Mungu. Ni macho ya mama yangu."

Safari hii jibu lilikuja. "Mtani hakasiriki." Kisha picha ya Sabiri ikatoweka, na alipopiga, namba haikupatikana tena.

Pesa ya ile namba moja ndiyo iliyolipa bodaboda ya kwenda Kwihara. Mama alikuwa ameketi barazani, amevaa gauni la kanisani na kitenge kipya, kikapu pembeni, kwani mwanawe alimwahidi kumfuata.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, Benja. Tumechelewa? Niinuke?"

Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Alitegemea alie. Mama akaangua kicheko.

"Mzaramo! Ametuweza kweli kweli! Basi tumngojee, ataleta."

"Haleti, mayu."

"Mtani gani asiyeleta? Labda hakujua shida yetu. Ulimwambia ni ya macho?"

"Nilimwambia."

Kicheko kikamfia mdomoni. Benjamini alitamani mama amtukane, amchape kwa fimbo yake, aseme lolote. Alikuwa anajichukia kuliko alivyomchukia yule mwizi. Mama alifungua kile kitenge kipya, akakikunja polepole kwa kupapasa pindo, akakirudisha kikapuni. Jua lilikuwa limeinamia upande wa Urambo na barazani palibaki kipande kidogo tu chenye mwanga.

"Njoo ukae hapa, penye mwanga," alisema. "Sogea tena. Usiiname, mwanangu, nakutazama."