Mlango Ulionyamaza

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Aprili mwaka 1994, siku ambayo boti haikuja. Ambokile alikaa bandarini Itungi tangu umande mpaka mbu walipoanza kumtafuta, kaegemea pikapu yake, akisubiri kuvuka ziwa kwenda Ikombe kwa wakwe zake, akamchukue mkewe Marita aliyekuwa taabani kwa homa. Marita hakusubiri. Tangu hapo, mtu akitaja wakubwa wa serikali mbele yake, Ambokile hutema mate kwanza ndipo asikilize.

"Wamefungua milango ya nchi," alisema miaka miwili baadaye mjini Kyela, mbele ya kibanda cha Mikidadi. "Spika zimeingia, boti imetoka. Akili gani hiyo, fundi?"

"Mzee wangu, mimi nauza kelele tu, siasa siuzi," Mikidadi akacheka. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa. Yeye alifunga redio na spika za Dubai kwenye magari ya watu.

"Kelele ninazo. Nataka uziondoe."

Ambokile alikuwa na kanda moja. Wauza vyungu, nao waliokwama kwa kukosa boti, walimletea baada ya mazishi, wakasema Marita amemwimbia, kaka yake Andrew ndiye aliyerekodi. Na kweli aliimba, wimbo wa kuponda udongo wa vyungu, kwa sauti ya kitandani. Nyumbani redio haikuwepo, na za dukani Ambokile hakuzitaka. Hakuwa tayari kumtia mkewe midomoni mwa watu. Alimsikiliza garini. Lakini sauti ilikuwa ya chini, na akiiongeza milango ilitetemeka kama debe la misumari, ikameza kila kitu. Alitaka kumsikia mzimamzima, japo mara moja, kabla kanda haijachakaa.

Mikidadi akabandua ubao wa ndani wa mlango. "Gonga, mzee."

Ambokile akagonga. Bati likalia ngwaa.

"Umesikia? Tupu. Bati likifundishwa kunyamaza, ndipo spika itasema." Akapasha lami kwenye kopo, akaipaka ndani ya bati, akabandika vipande vya tyubu za lori, na juu yake blanketi kuukuu. "Gonga tena."

Du.

Ambokile akaurudisha mkono haraka. Marita alikuwa akigonga vyungu vikitoka motoni. Kinacholia alikipeleka sokoni, kinachosema du kina ufa, alikiweka kando.

Adhuhuri Mikidadi alikwenda kuswali. Ambokile akabaki na kopo la lami, akainama, akaona vitundu chini kabisa ya mlango. Akatikisa kichwa. Fundi wa mjini huyu! Chombo kina matundu chini, naye anakiacha hivihivi? Yeye alikulia ziwani. Akachukua kijiti, akaviziba kimoja kimoja kama anavyoziba mtumbwi, akafanya vivyo hivyo mlango wa pili, akasawazisha kwa kidole gumba. Mikidadi aliporudi alifunga spika, akarudisha mbao, wala hakutazama chini.

"Ndaga, fundi," Ambokile akashukuru na kuaga.

"Ndaga, mzee. Msalimie huyo mwimbaji."

Mvua ilimkuta njiani, kabla hajafika Ndandalo. Mvua ya Kyela haipigi hodi. Iliteremka kwenye vioo, ikapenya ndani ya milango, na humo ndani haikupata pa kutokea. Kila kona maji yakabingirika, chubwi kushoto, chubwi kulia. Milima ya Livingstone ikafutika. Mashamba ya mpunga yakawa ziwa huku na huku, barabara ikawa ziwa, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake kama kafi. Ambokile hakuogopa. Aliona ni sawa, kana kwamba siku zote gari hili lilikuwa likitafuta maji.

Akatia kanda.

Marita akaimba juu ya maji. Bati halikusema kitu. Alisikia vidole vyake vikipiga kitanda kufuata wimbo, akasikia kuku mahali fulani, akasikia anavyovuta pumzi katikati ya neno. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mwenye harufu ya moshi na udongo mbichi; Ambokile hakugeuka, asije akamwondoa. Wimbo ukaisha. Hapa ndipo siku zote sauti ilipofifia, naye akiiongeza, kelele ikaanza. Leo kulikuwa na kimya, kisha kikohozi, kisha sauti ndogo ambayo hakuwahi kuijua:

"Ambokile, hapa wanasema boti haiji tena. Usiingoje. Njoo na gari mpaka Matema, Andrew yupo na mtumbwi anakungoja."

Ambokile alisimamisha gari katikati ya njia. Matema. Hata kwa barabara ile mbovu, safari ya asubuhi moja tu, na siku ile alikuwa kaegemea gari.

"Wakubwa hawa," akaanza, kama alivyozoea, akatafuta mate ya kutema. Mdomo ulikuwa mkavu.

Gari lilikuwa limesimama, lakini maji milangoni yaliendelea kumbembeza, polepole. Kanda ikakoroma kidogo, Marita akameza mate, akauliza:

"Unakuja?"