Nyumba Hii Imeingia Tumbili

Mama yule fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na kwa ulimi huohuo alimfukuza mke wa mwanawe. Mwenyewe atakuambia hakumfukuza, waliondoka wenyewe. Haya, tuseme hivyo.

Ilianza kwa ndizi kupungua jikoni. Mara mkate, mara mayai. Na nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mwanawe wa pekee aliyeshinda kazini, na mkwe mwenye mimba ya kwanza. Basi nani mwingine? Badala ya kuuliza kistaarabu, mama akapiga fumbo kama kawaida yake. Wakiwa mezani akasema, "Nyumba hii imeingia tumbili. Anakula kwa mikono miwili, na haya hana."

Mkwe, maskini, mafumbo hakuyajua. Akajibu kwa moyo mweupe, "Kweli mama, hata mimi nimemwona. Tena amebeba mtoto tumboni."

Jamani. Mama alisikia msichana anakiri wizi na kumcheka usoni papo hapo. Akaliacha fumbo, akatukana waziwazi: mwizi, mlafi, hakufunzwa na mamaye. Mkwe akalia bila kujitetea. Wiki ileile kijana akahamia na mkewe kwenye chumba cha kupanga.

Siku chache baadaye mama alikuwa anapinda gauni la mteja, akasikia sufuria imeanguka jikoni. Akaenda mbio. Juu ya meza alikaa tumbili jike, uso mweusi, mashavu yamefura ndizi, na kitoto kimemng'ang'ania tumboni. Hakukimbia. Alitafuna taratibu akimtazama mama kana kwamba mgeni ni yeye. Na kwa nini akimbie? Kichaka cha nyuma, tumbili walikokuwa wakila, kilifyekwa ili nyumba hizi zijengwe.

Mama hakushika hata fagio. Alikaa sakafuni, na aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka. Amebeba mtoto tumboni. Kumbe mtoto wa watu alisema alichokiona.

Alikaa na aibu ile hadi Jumapili, ndipo akaenda kwa mwanawe. Alipofunguliwa mlango hakungoja hata kiti. "Mwanangu, nilikukosea. Alikuwa tumbili kweli."

"Yameisha, mama. Karibu ukae," mkwe akasema. Kijana aliitikia salamu tu, akatazama ukuta.

Chai ikamiminwa, mkate ukawekwa katikati. Mama akala kipande, mwanawe akala viwili. Mkwe hakugusa kitu, na tumbo lile lilikuwa la mtu mwenye njaa asubuhi hadi jioni.

"Kula basi, mwanangu," mama akambembeleza.

Msichana akanyoosha mkono, akausimamisha juu ya sahani.

"Nichukue kimoja tu, mama?" akauliza. Alikuwa kwake, na mkate ule aliununua yeye.